Baiskeli yenye Shokapu Mbele na Nyuma: Inamfaa Nani katika Njia za Mawe?

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofika kliniki kwa maumivu ya mgongo huuliza swali ambalo vitabu vya tiba havilijibu: je, nikinunua baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, nitapata nafuu? Swali hili lina uzito katika maeneo kama Kemambo, kata ya Wilaya ya Tarime iliyo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Huko barabara kubwa ni ya magari na pikipiki, lakini njia ya kufika nyumbani kwa mgonjwa aliyelala kitandani ni ya mawe, makorongo na miteremko ya kuelekea Mto Mara, ambao ng'ambo yake ni Wilaya ya Serengeti. Jibu langu ni kwamba baiskeli ya namna hiyo humkinga mwendeshaji asiyebeba mzigo. Kwa anayebeba mzigo, mara nyingi humrudishia mgongoni kile kile alichokuwa akikikimbia.

Shokapu ni springi, ya chuma au ya hewa iliyoshindiliwa, pamoja na mafuta yanayopunguza kasi ya springi hiyo kurudi. Bila mafuta hayo baiskeli ingeruka-ruka kama mpira. Baiskeli za kisasa za njia za milimani huliacha kila gurudumu lipande na kushuka takribani milimita 120 hadi 150, hivyo jiwe linapoligonga gurudumu, gurudumu hupanda na fremu hubaki imetulia kwa kiasi. Kwa mgongo faida yake ni ya kweli. Mwili wa mtu aliyeketi, ukitikiswa wima takribani mara 4 hadi 6 kwa sekunde, hutikisika kuliko hata kiti chenyewe, na pingili za kiuno pamoja na diski zake ndizo zinazobeba mzigo huo. Mtu anayeketi kitini saa nzima kwenye njia ya mawe huutikisa uti wake wa mgongo kwa namna ambayo haukuumbwa kuivumilia kila siku.

Hata hivyo, mwili una shokapu zake: magoti, nyonga na viwiko. Mwendeshaji anayesimama juu ya pedeli kabla ya kufika kwenye mawe, magoti na viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo, hufanya kazi kubwa ya springi bila gharama yoyote. Ndiyo maana humfundisha mgonjwa mkao huo kwanza kabla ya kuzungumza naye juu ya kununua chochote. Asiyeweza kusimama hivyo, kwa sababu ya magoti yaliyolika au umri, ndiye ambaye shokapu ya nyuma ingemfaa zaidi. Lakini ndiye pia ambaye baiskeli nzito itamchosha kwenye mlima.

Tatizo la mzigo linahitaji kuelezwa kwa kirefu. Mhudumu wa afya hubeba kisanduku baridi cha chanjo, mizani ya watoto, madaftari na dawa. Katika baiskeli ya kawaida, vitu hivyo hukaa juu ya keria na uzito wake hupita kwenye fremu hadi kwenye tairi. Baiskeli yenye shokapu ya nyuma ina sehemu ya nyuma inayocheza, kwa hiyo keria ya kawaida haifungiki juu yake. Zipo keria maalumu, lakini fundi wa mnadani hanazo. Matokeo yake mzigo huhamia kwenye begi la mgongoni. Kilo nane za begi hukandamiza diski zile zile ambazo shokapu ilinunuliwa kuzilinda, huinua kitovu cha uzito, na mtu akiteleza kwenye tope huanguka vibaya zaidi. Si ajabu kwamba baiskeli ya Buffalo, ya shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, iliyopelekwa kwa maelfu ya wahudumu wa kujitolea wa afya nchini Zambia, haina shokapu mbele wala nyuma. Ni ya chuma, breki yake ni ya kukanyaga nyuma, isiyoharibiwa na tope, na keria yake imeundwa kubeba kilo 100.

Jambo la pili ni matengenezo, ambalo wauzaji hulipita kimyakimya. Baadhi ya watengenezaji wa shokapu za hewa huagiza zifunguliwe, zisafishwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Mtu anayetembea na baiskeli saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, huzifikisha saa hizo katika wiki tano. Shokapu ya hewa pia haijazwi kwa pampu ya tairi. Inahitaji pampu yake ndogo ya shinikizo kubwa. Anayenunua baiskeli hiyo bila pampu amenunua nusu ya kifaa. Tena baiskeli za bei nafuu zenye umbo la shokapu mbili mara nyingi zina springi ya chuma isiyo na mafuta ya kuituliza. Kwa maoni yangu hizo ndizo mbaya kuliko zote. Ni nzito, hunesa kila unapokanyaga pedeli, na sehemu ya nguvu zako hupotelea kwenye springi badala ya kwenye gurudumu.

Kwa mhudumu wa Kemambo anayebeba mzigo, basi, ningependekeza fremu isiyo na shokapu nyuma, yenye uma wa mbele wa kawaida au wenye shokapu nzuri ikipatikana, na tairi pana za inchi 2 au zaidi. Tairi pana lenye hewa ya kiasi ni shokapu rahisi kuliko zote. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la inchi 2.2 anaweza kuanza na psi 30 hivi, kisha aongeze kidogo nyuma anapofunga mzigo. Wengi hujaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe, kisha hulalamikia njia. Lakini hewa ikipungua mno, rimu huibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili sambamba. Ukiyaona, ongeza hewa, usimlaumu mwiba. Soma pia namba iliyo ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa. Inayoishia na 559 ni ya inchi 26, 584 ni ya inchi 27.5, na 622 ni ya inchi 29. Kisha uliza katika maduka ya karibu kama tairi na tyubu za namba hiyo zipo. Gurudumu lisilo na tairi la akiba sokoni litamlaza mgonjwa wako bila dawa.

Breki za diski zinazovutwa kwa waya zinatosha. Za mafuta ni nzuri zaidi kwenye mteremko, ila kuna aina mbili za mafuta yake, na ukitia aina isiyo yake huharibu mipira ya ndani na breki hufa. Mwanamke anayeendesha akiwa amevaa gauni au kanga atazame kama mnyororo una kifuniko. Baiskeli za milimani kwa kawaida hazina, na nguo ikinaswa huleta ajali.

Wapo ambao baiskeli ya shokapu mbili inawafaa: asiyebeba mzigo, anayeendesha kwa mazoezi au kwenda kazini, mwenye fedha ya matengenezo na fundi anayeijua. Wengine wamepewa zawadi na hawana la kuchagua. Kazi ya kwanza ni kuirekebisha kulingana na uzito wa mwendeshaji. Kwenye mhimili wa shokapu nyingi kuna kipete cha mpira. Kisukume hadi mwanzo wa mhimili, keti taratibu ukiwa na mavazi na begi lako la kawaida, kisha shuka bila kunesa. Kipete kiwe kimesogea asilimia 25 hadi 30 ya mhimili. Kama shokapu husafiri milimita 50, kisogee milimita 13 hadi 15. Kikizidi hapo, ongeza hewa; kisipofika, punguza. Fahamu pia kwamba unapoketi fremu yote hushuka na pedeli hukaribia mawe.

Ya mtumba ikaguliwe kwa mikono. Inue kwa kiti kidogo kidogo: ukisikia mgongano kabla gurudumu la nyuma halijaachana na ardhi, bushi zimelika. Shika gurudumu hilo ulisukume kushoto na kulia. Tazama mhimili wa shokapu kama una mikwaruzo au mafuta yanayovuja. Kisha chunguza viungio vya fremu kwa tochi. Fremu ya chuma mara nyingi hupinda kabla ya kukatika, na fundi wa kuchomelea wa kijijini huiunga. Ya alumini hupasuka bila kutoa onyo la kutosha, na kwa vifaa vya kawaida vya kuchomelea chuma haiungiki.

Baiskeli yoyote iliyochaguliwa, kiti kiwe cha urefu unaofaa. Keti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Goti liwe limekaribia kunyooka. Ukihamishia sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjwa kidogo, nyuzi 25 hadi 35. Kiti kilicho chini mno huumiza sehemu ya mbele ya goti. Kilicho juu mno huyumbisha nyonga na kuuchosha mgongo.

Ndugu zangu wahudumu, mtambue pia ganzi. Ganzi ya kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete hutokana na kubanwa kwa neva ya alna kwenye kiganja kinachoegemea usukani. Badili mshiko mara kwa mara na inua usukani kidogo. Ganzi ya sehemu za siri inayoisha dakika chache baada ya kushuka hutokana na kiti. Kisawazishe, au utafute chenye upana unaolingana na mifupa ya makalio. Lakini ganzi hiyo ikibaki baada ya kushuka, ikaja pamoja na mkojo kuzuia au kutoka bila kujua, au miguu kulegea, si suala la kiti tena. Ni dalili ya neva kubanwa ndani ya uti wa mgongo, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyeanguka akajikinga kwa kiganja, akawa na maumivu kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba upande wa mgongo wa mkono, achukuliwe kuwa amevunjika mfupa wa skafoidi hata kama picha ya kwanza ya eksirei haionyeshi ufa. Afungwe gango na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Mfupa huo una mishipa michache ya damu, na ukiachwa bila matibabu sehemu yake inaweza kufa. Kuhusu kofia ngumu, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba hupunguza majeraha mazito ya kichwa kwa takribani asilimia 69. Bei yake iingizwe katika bei ya baiskeli tangu mwanzo, hata ikibidi kuiacha shokapu ya mbele.

Kabla ya kulipa, omba kuijaribu baiskeli ukiwa na mzigo wako wa kazi, si kwenye lami ya mjini bali kwenye njia ya mawe yenye mlima, kwa nusu saa angalau. Panda mlima ukiwa umeketi, shuka ukiwa umesimama, funga breki zote mbili mteremkoni. Kama vidole vimeanza kufa ganzi au kiuno kimeanza kukaza ndani ya nusu saa hiyo, irudishe kwa muuzaji.