Bitcoin na Mgawo wa Umeme Kazakhstan

Bitcoin, sarafu ya kidijiti isiyotolewa na benki kuu wala serikali yoyote, hupatikana kwa njia iitwayo uchimbaji, ingawa hakuna udongo unaofukuliwa. Kompyuta maalumu hubahatisha namba mara matrilioni kwa sekunde, na ile inayoipata namba inayokubalika kabla ya nyingine huruhusiwa kuandika ukurasa mpya katika daftari la miamala, ikalipwa bitcoin mpya kwa kazi hiyo. Mashine moja ya Antminer S19, ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba mikononi, hula takriban wati 3,250, sawa na pasi tatu za umeme zinazowaka usiku na mchana, na kituo kimoja kikubwa huwa na maelfu ya mashine hizo, feni zake zikivuma bila kupumzika.

Wengi hawafahamu kwamba mashine zikiongezeka, kurasa haziandikwi upesi zaidi, kwa kuwa kila baada ya kurasa 2,016, yaani wiki mbili hivi, mtandao hujipima na kurekebisha ugumu wa kubahatisha ili kila ukurasa uendelee kuchukua dakika 10. Kwa hiyo matumizi ya umeme hayafuati wingi wa miamala, bali hufuata bei ya sarafu: bei ikipanda, wachimbaji wapya huingia, nao wote hugombea malipo yaleyale kwa umeme mwingi zaidi.

China ilipopiga marufuku uchimbaji mwaka 2021, wachimbaji wengi walihamishia mashine zao nchi jirani ya Kazakhstan, ambako umeme ulikuwa nafuu na sehemu yake kubwa hufuliwa kwa makaa ya mawe. Kufikia Agosti mwaka huo, takriban asilimia 18 ya uchimbaji wote wa bitcoin duniani ilifanyika huko. Mitambo iliyochakaa ikaelemewa, mgawo wa umeme ukaingia, na Januari 2022, katikati ya baridi kali, wachimbaji wakakatiwa umeme. Waliosajiliwa walikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa walikuwa wakitozwa kodi kwa kila uniti huku wenzao wa kificho wakikwepa. Lakini malalamiko hayo hayaondoi ukweli kwamba nyumba inayohitaji joto haiwezi kusubiri.

Watetezi husema uchimbaji hutumia umeme usio na mnunuzi, na hoja hiyo ina kweli mahali kama Luviro, mashariki mwa Kongo, ambako Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba bitcoin kwa umeme wa maji uliokuwa bado haujapata wateja. Kazakhstan haikuwa na ziada ya namna hiyo, na serikali inayotanguliza wananchi wake mbele ya mashine hizo haistahili kuitwa adui wa teknolojia. Sarafu ya Ethereum iliacha uchimbaji Septemba 2022, ikapunguza matumizi yake ya umeme kwa zaidi ya asilimia 99. Bitcoin bado inachimbwa kwa njia ileile iliyoanza nayo mwaka 2009.