Mifupa ya Pikipiki ya Kale



Mtu akiitazama pikipiki, jicho lake huenda kwanza kwenye tangi linalong'aa, kisha kwenye injini, kisha kwenye magurudumu. Ni wachache waitazamao fremu, yaani kile kiunzi cha mabomba ya chuma kinachovibeba vitu hivyo vyote. Walakini fremu ndiyo mifupa yake. Injini ikiharibika, pikipiki husimama njiani, na mwenyewe huisukuma mpaka nyumbani. Fremu ikikatika katika mwendo, hapana tena wa kuisukuma. Kwa hiyo twataka kuwaeleza leo namna ya kuisafisha fremu ya kale na kuipaka rangi upya, kazi iwezayo kufanyika katika ua wa nyumba, maana vijana wengi wa usharika wetu hapa Makole wapenda ufundi, na baadhi ya nyumba bado zina pikipiki za wazee zilizolazwa ghalani.

Kwanza yafaa tujue asili ya kitu chenyewe. Mwaka 1885 huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walitengeneza chombo cha magurudumu mawili chenye injini ya petroli, na kiunzi chake kilikuwa cha mbao. Baadaye mafundi waliacha mbao wakatumia mabomba ya chuma, kama ya baiskeli. Katika pikipiki nyingi za Kiingereza za zamani, mabomba hayo yaliingizwa katika viungo vya chuma cha kusubu, kisha yakashikanishwa kwa shaba ya njano iliyoyeyushwa kwa moto. Hivyo ndivyo ilivyoundwa BSA M20, pikipiki ya silinda moja yenye ujazo wa sentimeta 496, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1937 katika mji wa Birmingham. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Uingereza lilichukua zaidi ya 120,000 za namna hiyo, na vita ilipokwisha mwaka 1945 nyingi ziliuzwa kwa raia. Kiwanda chenyewe hakipo tena katika kazi hiyo, lakini pikipiki zake zingaliko duniani, na fremu zake zaweza kudumu zikitunzwa.

Basi, kazi huanza kwa kufungua. Kila nati na bolti itiwe katika kopo lake, na kopo liandikwe jina la mahali ilipotoka. Kijana asiyeandika hudhani atakumbuka, na baada ya mwezi mmoja hukaa mbele ya rundo la vyuma kama mtu aliyepotea porini. Fremu ikiisha kubaki peke yake, ioshwe kwa mafuta ya taa na brashi mpaka grisi yote itoke, kisha kwa maji ya moto na sabuni, ikaushwe juani.

Baada ya hayo, rangi ya zamani itolewe. Hapa twawaonya wazazi kwa nguvu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo, maana huidhuru akili yao inayokua. Kwa hiyo rangi ya kale isikwanguliwe ikiwa kavu. Fundi alowanishe fremu na kutumia msasa wa maji, avae barakoa na glavu, atandike turubai chini, na takataka zote azikusanye azifunge, asizifagilie mahali kuku na watoto wanapochezea. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Wako pia watumiao kostiki, ile ya kupikia sabuni. Yafaa kwa chuma, lakini hula alumini, na huunguza ngozi na macho. Atakayeitumia avae miwani, tena aitie kostiki ndani ya maji kidogo kidogo, wala asimwage maji juu ya kostiki, maana itachemka na kumrukia usoni.

Rangi ikiisha kutoka, kutu huonekana. Kutu ni chuma kilichoungana na hewa na maji, na chumvi huiharakisha. Ndiyo sababu pikipiki iliyokaa Tanga au Dar es Salaam huliwa upesi kuliko iliyokaa huku kwetu bara, penye hewa kavu kwa miezi mingi ya mwaka. Lakini mtu wa Dodoma asijisifu, kwa kuwa kutu ya ndani haionekani. Mvuke huingia katika mabomba, hugeuka maji wakati wa usiku wa baridi, na chuma huliwa polepole toka ndani. Basi fundi agonge kila bomba kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Bomba zima hulia kwa sauti safi, na lililoliwa hutoa sauti nzito iliyokufa. Tukumbuke kwamba Nuhu aliagizwa kuipaka safina lami ndani na nje. Vivyo hivyo, mwisho wa kazi hii yapasa kumimina mafuta mazito ndani ya mabomba, kuigeuza fremu huku na huku mpaka yaenee, kisha kuyaacha yaliyozidi yachuruzike.

Sasa twafika mahali penye neno zito kuliko yote, nalo ni nyufa. Ufa wa fremu huwa mwembamba kama unywele, na mara nyingi hukaa karibu na shingo, pale usukani unapoingia, au kando ya viungo. Macho peke yake hayatoshi. Iko njia ya zamani, ambayo mafundi wa reli katika nchi nyingi waliitumia kuchunguza ekseli za mabehewa, nayo haihitaji chombo cha thamani. Paka mafuta ya taa mahali unapopashuku, ungoje kitambo yapenye. Pangusa pawe pakavu kabisa. Kisha paka vumbi jembamba la chaki, kama chaki ya darasani iliyosagwa. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuilowesha chaki, nawe utaona mstari mweusi umejichora wenyewe. Kila mwalimu anayo chaki, na kila nyumba yaweza kupata mafuta ya taa. Basi hapana udhuru.

Twasema hivi kwa kuwa tuliona kwa macho yetu. Mama mmoja mjane wa hapa Makole, ambaye marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa kanisa, alikuwa na BSA ya mumewe ghalani. Alitaka kuiuza apate ada ya mjukuu wake. Akatokea mnunuzi, akataja bei nzuri, ila alitaka aione imependeza. Mjukuu pamoja na rafiki zake wakaanza kazi, nasi tukaalikwa kusaidia. Tulipopaka chaki penye shingo ya fremu, mstari mweusi ukatokea, mrefu kama kiungo cha kidole.

Rafiki mmoja akasema, "Mwalimu, tujaze puti, tusugue, tupake rangi. Nani atajua?" Tena alisema kweli kwa namna yake, maana puti ikisuguliwa vizuri na kupakwa rangi nyeusi, hata fundi hodari asingeweza kuona kitu. Ada ilikuwa inadaiwa, na siku zilikuwa zimebaki chache. Vijana wakanyamaza, wakamtazama bibi. Naye akauliza, "Ikikatika hapo, aliyepanda atakuwaje?" Tukamwambia kwamba gurudumu la mbele lingeachana na mwili wa pikipiki. Akasema, "Basi mimi siuzi kifo cha mtoto wa mwenzangu. Mkujukuu wangu atasoma kwa fedha nyingine." 

Fremu ikapelekwa kwa fundi ajuaye kulehemu kwa shaba. Ni vema vijana waelewe sababu yake. Kiungo kilichoshikanishwa kwa shaba kisichomelewe kwa umeme, maana shaba ikichanganyika na chuma kilichoyeyuka huleta udhaifu, na kile chuma cha kusubu huweza kuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Fundi alitoboa tundu dogo katika kila ncha ya ufa ili usiendelee, akafungua nafasi kwa tupa, akaweka kipande cha bomba ndani kwa kutia nguvu, akalehemu upya kwa moto wa gesi, akaacha chuma kipoe chenyewe pasipo kumwagiwa maji. Kisha tukapaka chaki tena, na mstari haukuonekana.

Mnunuzi alipokuja, mama alimwonyesha mahali palipotengenezwa. Mnunuzi akashukuru, lakini akapunguza bei. Fedha haikutosha, na mama akauza mbuzi wawili kuijaza ada. Hatutaki kuipamba habari hii. Ukweli ulimgharimu mbuzi wawili, na mbuzi ni mali katika nchi yetu. Lakini kijana yule amejifunza jambo ambalo hakuna darasa lingemfunza kwa ada hiyo.

Turudi katika kazi. Fremu iliyo nzima isuguliwe kwa msasa namba 80 au 120 penye kutu, kisha 240, mpaka chuma king'ae. Mashimo madogo ya kutu yaliyobaki yapakwe dawa ya asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kutu, kisha yasafishwe kama yalivyoandikwa katika chupa. Kuanzia hapo mtu asiguse chuma kwa mkono mtupu, maana jasho lina chumvi. Wala asikiache kilale mtupu usiku, kwa kuwa kutu huanza upya pasipo kuaga. Mahali pa kukaa gololi, na nyuzi za bolti, pazibwe kwa karatasi ya gundi, rangi isiingie.

Iko na namba ya fremu, iliyopigwa katika chuma chenyewe. Isisuguliwe wala isijazwe puti. Namba hiyo hulinganishwa na kadi ya usajili, na pikipiki isiyo na namba ya kusomeka huhesabiwa kama kitu cha wizi, hata kama mwenyewe ni mtu mwaminifu. Ipakwe rangi nyembamba tu.

Praima ipakwe mara mbili, na ile ya epoksi hushika chuma vizuri. Ikikauka isuguliwe kidogo kwa msasa namba 400, kisha rangi yenyewe ipakwe mara tatu, nyembamba kila mara. Mwenye haraka hupaka mara moja kwa unene, na rangi huteremka kama machozi. Zamani viwanda vilikausha rangi nyeusi ya fremu katika tanuru, na siku hizi wako mafundi wa rangi ya unga iokwayo kwa joto la karibu nyuzi 200, ambayo ni ngumu sana. Lakini rangi ya mafuta ya brashi au ya kupuliza yatosha kwa nyumba. Zile rangi za kuchanganya na dawa ya kugandisha zisipulizwe nyumbani, kwa kuwa mvuke wa nyingi kati ya hizo huharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haiuzuii.

Hali ya nchi yetu nayo ina amri yake. Adui wa mpaka rangi wa Dodoma ni vumbi, hasa katika miezi ya upepo kabla ya mvua. Kazi ifanyike asubuhi, jua likiisha kukausha umande na upepo haujaamka. Ua unyunyiziwe maji kwanza ili vumbi lilale. Mchana rangi hukauka juu upesi mno na kubaki mbichi ndani. Ikiisha kupakwa, fremu itundikwe chumbani kwa siku kadhaa, wala vitu visirudishwe mpaka rangi iwe ngumu, isiingie alama ya ukucha.

Wapenzi, siku hizi barabara zetu zimejaa pikipiki mpya za India na China, na vijana wetu wengi hupata riziki kwa kubeba abiria. Nazo zina fremu, nazo hupasuka kwa mizigo na mashimo ya njia. Njia ya chaki yafaa kwa hizo pia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuuziba ufa kwa puti ni kuuficha tu. Walimu, mnapofundisha watoto habari ya makaburi yaliyopakwa chokaa, ambayo Bwana wetu aliwakemea nayo wanafiki, chukueni kipande cha chaki, mafuta kidogo na chuma chenye ufa, mwaonyeshe. Na wazazi, kabla kijana wenu hajapaka rangi kitu chochote cha kuuza, muulizeni kwanza kilichoko chini yake.

Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu.