Baba Fulani, hiyo Altezza unauza au huuzi?

Leo tuguse kitu kinacholeta manung'uniko kwenye nyumba nyingi za vijana huku kwenye ukanda wa dhahabu, na wala si nyumba ndogo. Ni gari.

Simaanishi gari lolote. Naongelea lile la ujanani, lile la kutesea. Altezza nyeupe, rimu zinawaka, springi zimekatwa ili likae chini, sailensa inanguruma mpaka mbwa wa mtaa wa pili wanaamka. Wakati linanunuliwa jamaa alikuwa peke yake. Sasa kajaliwa mtoto, pengine wawili, na swali limeingia mpaka chumbani: tuuze au tusiuze?

Kwa usiyefika, Bugarama ninayoisema iko Msalala, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Ukishuka kusini unaikuta Kahama, ukipanda kaskazini unaitafuta Geita. Hapa kijana akipata ajira mgodini, au duara likimtemea, mara nyingi kitu cha kwanza kikubwa kukifikiria si kiwanja. Ni magurudumu. Anatanua miaka miwili mitatu, anaoa, kisha siku moja anatoka zahanati na jina jipya. Asubuhi alikuwa na jina lake alilopewa na wazazi, jioni ni Baba Fulani. Na watu wanaanza kumwangalia yeye, halafu wanaliangalia gari.

KWA NINI ROHO INAUMA

Tusimcheke mwenzetu. Altezza si gari la mchezo. Toyota waliitoa mwaka 1998 na wakaacha kuitengeneza 2005. Ile ya RS200 ya gia za mkono ina injini ya lita 2, gia sita, nguvu za farasi zipatazo 210, na inasukumwa na matairi ya nyuma. Ilipotoka tu ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka kule Japani, msimu wa 1998-99. Hata jina lenyewe ni la Kitaliano, ni namna ya kumwita mtu wa ukoo wa kifalme, kama tunavyosema Mtukufu. Sasa mwambie kijana auze Utukufu wake anunue Noah, uone atakavyonuna!

Halafu kuna sifa. Gari hilo ndilo lililomtambulisha mtaani, ndilo alilokwenda nalo ukweni mara ya kwanza. Na tuseme ukweli, kuna mama watoto ambaye leo anasema liuzwe, lakini siku ile ya kwanza lift ya hilo hilo gari aliipokea bila kuuliza mara mbili.

Wazee wetu nao walikuwa na Altezza zao. Zilikuwa baiskeli. Msukuma kijana wa enzi hizo alikuwa na Phoenix yake imepambwa maua ya plastiki, vioo viwili, kengele inayolia kama harusi. Mtoto alipozaliwa mzee hakuuza. Mama alikaa kwenye keria na mtoto mgongoni, mkubwa akawekwa mbele, safari ya zahanati ikaenda. Maua yakadondoka moja moja, baiskeli ikabaki.

Kwa hiyo anayesema mtu akizaa lazima auze chombo chake cha ujana, asitudanganye kwamba ndiyo mila. Ila baiskeli ilikuwa inakwenda polepole. Altezza haijatengenezwa kwenda polepole, na hapo ndipo penye kasheshe.

AMUA KWA KITI CHA NYUMA

Mimi naona wengi wanaamua vibaya. Mmoja anauza kwa aibu, maana mama mkwe kasema. Mwingine anagoma kuuza kwa sifa, maana washikaji watamcheka. Wote wawili wanaliangalia gari kwa mbele. Mimi nasema, fungua mlango wa nyuma uangalie kiti.

Kama gari lako ni la milango miwili, kama Celica, kazi imeisha. Kumwingiza mtoto mchanga nyuma kwa kukunja kiti cha mbele, mvua inanyesha, mama bado ana maumivu ya uzazi, ni adhabu. Altezza ina milango minne na viti vitano, hapo una cha kujitetea. Lakini je, mikanda ya nyuma ipo na inafunga? Magari mengi ya kutesea mikanda ya nyuma imezama chini ya kiti tangu yaingie nchini, au imekatwa ili spika zipate nafasi.

Usidhani kwamba mama akimpakata mtoto mapajani yuko salama. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 anaweza kurushwa kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 300. Hakuna mama wa kuzuia kilo 300, ampende mwanawe namna gani. Shirika la Afya Duniani linasema kiti maalumu cha mtoto kinaweza kupunguza vifo kwa hadi asilimia 60. Shirika hilo hilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ilipotungwa mwaka 1973 haikutaja viti vya watoto, lakini mtoto wako asingoje Bunge.

Tena kile kiti kikae nyuma. Kiti cha mchanga kinachotazama nyuma usikiweke mbele penye begi la hewa. Begi likifumuka, linampiga mtoto kichwani.

Ukiona kwamba pesa ya rimu mpya ipo ila pesa ya kiti cha mtoto haipo, tatizo si gari, tatizo ni dereva. Huyo hata akiuza Altezza akanunua Noah, ataiendesha Noah kama Altezza.

BARABARA NAYO INA KAULI

Wapo watakaosema gari la spoti haliwezi vumbi la huku. Waambie wasome historia. Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili, lilishinda mbio za East African Safari mwaka 1971 na Edgar Herrmann, kisha 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Subaru Impreza nayo ilishinda Safari Rally mwaka 1997 na Colin McRae, na 2000 na Richard Burns. Vumbi na tope vya Afrika Mashariki, magari ya spoti yaliviweza.

Lakini ndugu yangu, yale magari yalinyanyuliwa, yakawekewa shokapu imara, na nyuma yao kulikuwa na kikosi cha mafundi. Ya kwako imekatwa springi na fundi wako yuko Kahama. Barabara ya Kahama hadi Kakola, kilomita 73, kwa miaka mingi ilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa unashika kama ulimbo, na gari la kusukumwa na matairi ya nyuma, lililokaa chini, linacheza dansi bila muziki. Ukiwa peke yako ni stori ya kijiweni. Ukiwa na mtoto ana homa saa nane usiku, si stori tena.

Kwa hiyo ukiamua kubaki nalo, rudisha springi za kiwandani kwanza. Sampo itapona, na mgongo wa mama mtoto utapona.

PESA ZA MGODI ZINA MIGUU

Hapa ndipo penye uzito kuliko maua na rimu. Huku kwetu mshahara ni mzuri ukiwepo. Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje. Septemba mwaka huo huo kampuni ya Acacia ikatangaza kupunguza shughuli za Bulyanhulu, na ajira zipatazo 2,000 zikaguswa. Mtu aliyekuwa anatanua mwezi wa nane hakuwa na uhakika wa Krismasi. Baadaye Barrick wakaichukua Acacia mwaka 2019, ikaundwa Twiga ambayo Serikali ina asilimia 16, na kazi chini ya ardhi ikarudi. Lakini somo lilibaki: mgodi unaweza kukohoa, na ukikohoa mtoto haachi kunywa maziwa.

Msukuma anajua hesabu hii tangu zamani. Mali ni ng'ombe, kwa sababu ng'ombe anazaa. Altezza haizai. Hata ikiwa imesimama uani inakula bima, inakula betri, inakula matairi. Kama hujawahi kuweka akiba ya miezi mitatu ya chakula, na gari lako ndilo mali yako pekee, basi wewe huna gari. Una ng'ombe asiyezaa na anakula kuliko wote zizini. Huyo auzwe.

Ila usiuze mwezi wa uzazi! Dalali ananusa shida kama fisi. Akijua mkeo yuko wodini na unatafuta hela ya haraka, anakupa bei ya shida. Uza ukiwa umetulia, mtoto ana miezi kadhaa, gari limeoshwa, na una wateja wawili wanaovutana.

Na ujue kurudi ni ghali. Altezza changa kuliko zote ni ya 2005. Kwa macho ya TRA huo ni uchakavu, na gari dogo la kutembelea lililozidi miaka 10 limekuwa likibandikwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, mbali na ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT. Usijidanganye kwamba utaiuza leo halafu utaagiza nyingine watoto wakikua.

Ukishauza, badilisha jina kwenye kadi siku ile ile. Wapo wanaopokea mshiko, wanapeana mikono, kadi inabaki na jina la zamani. Mnunuzi anapigwa faini za trafiki huko Mwanza, deni linasoma jina lako.

ETI GARI NI LANGU MWENYEWE

Hapa wanaume tunapenda kukaza shingo. Nimelinunua kabla sijaoa, kwa jasho langu, mwanamke asiniamulie. Sawa bwana. Lakini kumbuka mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango halali katika mali inayopatikana kwenye ndoa. Tangu mmeoana, ile injini uliyobadilisha na zile rimu, je, uliviweza bila mtu kukupikia, kukufulia ovaroli na kulea mtoto ukiwa zamu ya usiku? Hata kama kadi ni yako, mazungumzo ni ya wawili.

Na wewe mama, usianze na neno "uza". Mwanaume akisikia hivyo anasikia kwamba ujana wake umekuwa taka. Anza na "Baba Fulani, huyu mtoto tumkalishe wapi?" Mwache afungue mlango wa nyuma mwenyewe.

KUNA NJIA YA KATI

Kuna kitu wengi hawakijui. Mwaka 2001 Toyota walitoa Altezza yenye mgongo mrefu na buti kubwa la kubebea mizigo. Jina lake? Altezza Gita! Usicheke, sisemi Geita. Gita kwa Kitaliano ni matembezi. Ni sura ile ile, jina lile lile, ila kigari cha mtoto na gunia la mpunga vinaingia. Ukipata mtu wa kubadilishana naye kwa kuongeza kidogo, umetoka na heshima yako.

Noah nayo si tusi. Inabeba watu wanane na milango inateleza pembeni, mama anaingia na mtoto bila kujipinda. Ila zile za 2001 zina injini ya D4, mwone fundi anayeijua kabla hujatoa hela. Na usinunue Noah kwa siri ili uifanye mchomoko, halafu familia ikabaki kupanda bodaboda. Hapo utakuwa umeuza Altezza bure.

MIMI NASEMAJE?

Milango miwili, uza. Mali pekee na akiba hakuna, uza, ila kwa utulivu. Milango minne, halina deni, akiba ipo, mikanda inafunga, springi zimerudi: kaa nalo, na asikubabaishe mtu. Mtoto atakua anajua baba yake alikuwa kijana.

Lakini kuna kimoja ambacho lazima kiuzwe kwenye hali zote, hata kama hakuna mnunuzi. Ni ule mguu mzito. Ile tabia ya kukata kona mpaka matairi yalie, ya kuyapita malori ya mgodi kwenye vumbi usiloona mbele. Siku uliyoitwa Baba Fulani, huo ulikwisha muda wake.

Haya, wenye Altezza nendeni mkafungue milango ya nyuma. Wiki ijayo tukijaliwa tutakutana hapa hapa.