Kabla ya kuuliza bei ya sufuria, uliza imetengenezwa kwa nini

HAKUNA kicheni pati inayokwisha bila bibi harusi kupewa sufuria. Baadaye nyumba inapopata watoto, huongezwa kubwa ya maharage, ndogo ya uji, na ndoo mbili tatu za plastiki. Wakati wa kununua tunauliza bei, tunatazama ukubwa, tunagonga kidogo kusikia mlio. Ni wachache wanaouliza chombo kile kimetengenezwa kwa malighafi gani.

Mzazi, swali hilo lina uzito kuliko bei. Mtoto wako anakula kutoka chombo hicho kila siku, na malighafi nyingine huingia kwenye chakula bila kubadili ladha, rangi wala harufu.

Wahandisi wanaotengeneza vitu viwandani huanza na tabia za malighafi: inapitisha joto kiasi gani, inayeyuka kwenye nyuzi ngapi, inapinda au inapasuka, na inafanya nini ikikutana na chumvi au asidi. Hakuna malighafi iliyo bora kwa kila kazi. Tuzipitie zile zilizoko jikoni kwako.

Alumini: nyepesi, lakini haipatani na ndimu

Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini. Uzito wake ni karibu theluthi moja ya uzito wa chuma, na hupitisha joto vizuri sana, hivyo moto huenea sufuria nzima badala ya kubaki sehemu moja.

Alumini hulindwa na utando mwembamba unaojitengeneza wenyewe ikikutana na hewa. Utando huo huliwa na asidi, na pia huliwa na magadi. Ndiyo maana sufuria hubadilika rangi ukipikia maharage ya magadi, na hung'aa ndani ukichemshia nyanya nyingi, ukwaju au ndimu. Kinacholiwa pale ni metali yenyewe, nayo inaingia kwenye chakula.

Kupika mchuzi wa nyanya ukaupakua mara moja si sawa na kuulaza humo hadi kesho. Kadiri chakula chenye asidi au chumvi nyingi kinavyokaa, ndivyo metali inavyozidi kutoka. Chakula cha kulala kihamishie kwenye bakuli la kioo, la udongo wa kuchomwa au la stenlesi.

Hatari iliyojificha kwenye vyuma chakavu

Sufuria za alumini hutengenezwa kwa njia mbili. Nyingine hufinyangwa kutoka kwenye bati la alumini. Hizi huwa nyembamba na laini. Nyingine humiminwa kwenye kalibu ya mchanga baada ya kuyeyusha vyuma chakavu. Hizi huwa nene, nzito, na mara nyingi uso wake una vitundu na mikwaruzo.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, wakati chuma huhitaji zaidi ya 1,500. Kwa hiyo tanuru dogo la mtaani linatosha. Shida ni kinachotiwa ndani ya tanuru hilo: pistoni za injini, rejeta za magari, makopo, vipande vya kompyuta. Baadhi ya vitu hivyo vina risasi, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, hivyo huchanganyika na alumini bila fundi kuiona.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Watafiti walichemsha ndani yake maji yenye asidi kidogo, kama ya mchuzi. Vyombo 15 kati ya hivyo vilitoa risasi kwa kiwango cha kutia wasiwasi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Hujificha kwenye mifupa na hudhuru ubongo unaokua: mtoto hupungukiwa na uwezo wa kujifunza na kutulia, na mzazi anaweza kudhani ni utundu au uvivu.

Fundi si adui hapa. Naye huvuta moshi wa tanuru hilo siku nzima, na mara nyingi watoto wake wanacheza pembeni. Muulize anayeyusha nini. Kama una sufuria ya kumimina usiyojua asili yake, iache ichemshe maji ya kuoga. Uji wa mtoto na mboga zenye nyanya au ndimu zipikie kwenye chombo kingine.

Stenlesi na chuma kizito

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu hutengeneza utando usiopenya kutu, na ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Harry Brearley aliutengeneza mchanganyiko wa aina hii mwaka 1913 katika mji wa Sheffield, Uingereza, alipokuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Ukiona maandishi 18/10 chini ya sufuria, maana yake ni kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10.

Udhaifu wake ni kupitisha joto vibaya, mara kumi na zaidi chini ya alumini. Ndiyo maana ugali huungua katikati na kubaki mbichi pembeni kama kitako ni chembamba. Nunua yenye kitako kinene. Nyingi huwekwa tabaka la alumini katikati ya kitako ili joto lienee, bila alumini hiyo kugusa chakula.

Wauzaji hupenda kujaribu kwa sumaku. Jaribio hilo linasema jambo moja tu: sumaku ikinasa, chombo hicho si alumini tupu. Isiponasa inaweza kuwa alumini au stenlesi nzuri yenye nikeli, kwa hiyo pima uzito na soma maandishi.

Kikaango cha chuma kizito cha kumimina hushika kutu kisipopakwa mafuta, na kikianguka kwenye sakafu kinaweza kupasuka. Lakini huongeza madini ya chuma kwenye chakula, jambo zuri kwa nyumba yenye mjamzito au mtoto mwenye upungufu wa damu.

Plastiki: si zote zinavumilia moto

Kuna plastiki zinazolainika kwa joto na zisizolainika. Mpini mweusi wa kikaango ni wa aina ya pili. Ukizidiwa na moto huungua bila kuyeyuka. Ndoo, chupa na mifuko ni ya aina ya kwanza.

Geuza chombo utafute namba ndani ya pembetatu. Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji na soda. Huanza kulegea karibu na nyuzi 70, hivyo usiimiminie uji au chai ya moto. Namba 5 huvumilia zaidi, huyeyuka karibu na nyuzi 160, na ndiyo inayofaa kwa hotipoti na vyombo vya mtoto.

Ile tabia ya kufunika wali au ndizi kwa mfuko wa nailoni ili viive haraka, tuiache. Mfuko haukutengenezwa kupikiwa. Hulainika kwa mvuke na kuachia kemikali zilizotiwa kiwandani. Jani la mgomba linafanya kazi ileile.

Ya kufanya wiki hii

Toa vyombo vyote kabatini. Tenga sufuria nene za kumimina zisizojulikana asili. Chagua moja ya stenlesi, hata ndogo, iwe ya uji wa mtoto pekee. Kama fedha ni kidogo, anza na hiyo tu. Chupa na ndoo zisizo na namba zibaki za maji baridi ya kufulia.

Mpe mtoto chakula chenye madini ya chuma na kalisi, kama mboga za majani, dagaa na maziwa, kwa sababu mwili wenye upungufu wa madini hayo hufyonza risasi zaidi. Ukiwa na shaka kwamba amekuwa akila kutoka chombo kibaya kwa muda mrefu, mweleze daktari. Risasi hupimwa kwa damu.