Manukato ya Kwapani: Pua Yafurahi, Ngozi Je?

Ifikapo miezi ya kaskazi, joto la Mombasa halina huruma na mvaa kanzu. Mtu ataoga josho la Ijumaa, avae nguo safi, ajitie marashi, na kabla hajaufikia mlango wa msikiti mgongo umekwisha lowa. Ndipo dawa ya kwapa ikajipatia makao majumbani mwetu, pembeni mwa chetezo na mrashi. Ipo ya kupuliza, ipo ya kichupa chenye gololi mdomoni, ipo ya mche mgumu mfano wa sabuni. Na wanunuzi wetu, wake kwa waume, wote huichagua kwa njia moja: hufungua kifuniko, wakanusa, wakalipa.

Pua ni hakimu mwema wa harufu, lakini ngozi haikushirikishwa katika shauri hilo, na ngozi ndiyo itakayokaa na dawa hiyo mchana kutwa. Wako wanaowashwa kwapani hata usingizi ukawaruka, wako waliochubuka, wako waliobakiwa na weusi usiotoka, nao kwa kuona haya hawamwambii mtu. Wanalofanya ni kuzidisha manukato. Basi natukigeuze kichupa tusome yale maandishi madogo ya nyuma.

Kwanza tujue tunapigana na nani. Jasho lenyewe litokapo mwilini halinuki. Tezi zilizoenea mwili mzima hutoa maji ya chumvi ya kuupoza mwili, na hizo hazina neno. Ziko nyingine, zimekaa kwapani na kinenani, ambazo huanza kazi mtoto anapobalehe, na jasho lake ni zito, lina mafuta. Vijidudu viishivyo juu ya ngozi hulila jasho hilo, na masazo ya karamu yao ndiyo kikwapa. Ndiyo sababu mtoto mdogo wa chuoni hucheza juani akarudi amelowa tepetepe bila ya kunuka, na kaka yake wa miaka 15 akavua shati moja tu chumba kikajaa.

Kwa hivyo dawa hizi ni za namna mbili, ingawa siku hizi mara nyingi hutiwa pamoja katika chupa moja. Moja huzuia jasho lisitoke. Ya pili huliacha jasho litoke, ila huwaua wale vijidudu au huifunika harufu yao.

Ile izuiayo jasho hufanya kazi kwa chumvi za aluminiamu. Chumvi hizo zikikutana na jasho hugeuka mfano wa utelezi mzito, zikaziba vitundu vya jasho kwa muda, mpaka ngozi ijisafishe yenyewe. Klorohidreti ya aluminiamu ni ya upole. Kloridi ya aluminiamu ni kali zaidi, kwani ikilowa huzaa asidi, na asidi hiyo ndiyo imchomayo mtu aliyejipaka kwapa likiwa bado na maji ya kuogea. Dawa kali namna hiyo hupakwa usiku juu ya ngozi kavu, ikaoshwa asubuhi. Ile rangi ya manjano inayoharibu kanzu nyeupe kwapani, ambayo wafuaji wetu huilaumu sabuni, aghalabu ni kazi ya aluminiamu hiyo ikichanganyika na jasho.

Kuna uvumi kwamba aluminiamu ya kwapani huleta saratani ya matiti. Uvumi huo umechunguzwa kwa miaka mingi, na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani yasema hakuna ushahidi ulio wazi wa kuuthibitisha. Mwenye maradhi ya figo ndiye apaswaye kumwuliza daktari kwanza, kwa kuwa aluminiamu iingiayo mwilini hutolewa na figo. Nao wanaoikimbia aluminiamu wakakimbilia jiwe la shabu, wajue kwamba shabu yenyewe ni chumvi ya aluminiamu. Mimi siikatai shabu. Wazee wetu waliitumia, haina manukato, na ngozi nyingi huichukua vyema. Ninalokataa ni kuuziwa kwa maneno kwamba haina kile ambacho ndicho kilichoifanya iwe shabu.

Tuje kwenye spiriti, ambayo kwa jina lake lingine ni alkoholi. Huua vijidudu na hukauka upesi, ndiyo maana wenye viwanda huipenda. Juu ya sharia yake masheikh wamekhitilafiana: wapo wanaoihesabu najisi kama tembo, wapo wasemao ile isiyokusudiwa kunywewa haimo katika hukumu hiyo, na kila mtu amwulize mwanachuoni anayemwamini. Kwa upande wa ngozi, ubaya wake mkubwa ni wakati. Kuondoa nywele za kwapa ni katika sunna za maumbile, na twajua zisiachwe zikapita siku arubaini. Lakini ngozi iliyotoka kunyolewa ina mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, na spiriti ikiingia humo huchoma kama ndimu kwenye kidonda. Anyoaye Alhamisi usiku, ngozi ikapata kupumua mpaka asubuhi, husalimika kuliko yule anyoaye na kujipulizia saa hiyo hiyo.

Sasa tufike penye maradhi yenyewe. Watu huogopa aluminiamu na spiriti, kumbe miongoni mwa vyote vilivyomo chupani, kinachoongoza kwa kuikasirisha ngozi ni kile kile tulichokinunulia: manukato. Nyuma ya kichupa utaona neno moja tu, "parfum". Neno hilo moja huweza kuficha vitu makumi. Tangu mwaka 2005 nchi za Umoja wa Ulaya zimewalazimisha watengenezaji kuvitaja kwa majina vitu 26 vya manukato vikipita kiasi fulani, na mwaka 2023 sheria ya kuirefusha orodha hiyo hadi zaidi ya 80 ilipitishwa. Manukato moja ya kiwandani, Lyral, yaliyotiwa sana katika dawa za kwapa, yaliwadhuru watu hata yakapigwa marufuku huko mwaka 2019.

Yasome majina hayo na utaona kwamba mengine ni majirani zetu. Eujenoli ndiyo roho ya karafuu. Sinamali ni ya mdalasini. Jeranioli imo katika mawaridi. Linaloli imo katika rehani, na limoneni katika maganda ya machungwa na ndimu. Hizi mbili za mwisho zikiwa mpya hazina ukali mkubwa, lakini chupa ikikaa wazi zikapigwa na hewa hugeuka, na hapo ndipo hudhuru. Basi kile kichupa cha mwaka juzi kilichobaki robo si cha kuwekewa akiba. Hata langilangi, ua tunaloliringia katika vikuba, mafuta yake ni miongoni mwa vitu ambavyo madaktari wa ngozi huwapimia wagonjwa wao.

Kwa hivyo neno "asili" likiandikwa juu ya kichupa lisimlaze mtu. Ngozi haiulizi kama kitu kimetoka Pemba au kimetoka kiwandani. Na hapa nina neno na ndugu zangu wanaoepuka spiriti kwa ajili ya dini wakajipaka attari ya mafuta. Nia yao njema, lakini attari safi haikuchanganywa na maji wala chochote, na vitu vile vile vimo humo kwa wingi zaidi. Kuitia kwapani penye joto, jasho na msuguano ni kuitafutia ngozi ugomvi. Itiwe kwenye kanzu.

Madhara yenyewe ni ya namna mbili na si vyema kuyachanganya. Mwasho wa kuchomwa huja papo hapo na hupoa dawa ikiachwa. Mzio ni jambo jingine: mtu aweza kutumia dawa moja miaka mitatu salama, kisha siku moja mwili ukaikataa, na tangu hapo kila akiigusa, baada ya siku moja au mbili hupata upele. Mwili ukishaijua dawa namna hiyo, aghalabu hausahau maisha. Upele wa dawa ya kwapa kwa kawaida hukaa katikati, ndani ya shimo la kwapa. Ukiona umeliacha shimo umezunguka kandoni, penye mshono wa nguo, shuku rangi ya kitambaa. Na kwa ngozi zetu nyeusi, kila mwasho huacha doa. Doa hilo hufifia polepole chanzo kikiondoka. Wanaolisugua kwa krimu za kujichubua zenye zebaki wanaongeza maradhi juu ya maradhi.

Dawa za jikoni nazo zisisifiwe kupita kiasi. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na uchachu huo ni ukuta wake. Soda ya bikaboneti, ile itiwayo mandazi, huuvunja ukuta huo, na wengi walioitumia kila siku wamechubuka. Ndimu nayo ni kali kwa upande wa pili, na maji yake yakitiririka mkononi kisha jua likapiga, huweza kutoa malengelenge na alama nyeusi za majuma mengi.

Wenye kuhirimia Hija wana faida moja katika jambo hili, kwani muhrimu haruhusiwi manukato, na dawa ya kwapa isiyo na manukato imfaayo yeye ndiyo hiyo hiyo imfaayo mwenye ngozi nyepesi. Ila waangalie. Chupa iliyoandikwa kwamba haina harufu huweza kuwa imetiwa manukato kidogo ya kufunika harufu ya dawa nyingine. Neno la kutafuta ni kwamba haikutiwa manukato kabisa, na "parfum" lisionekane nyuma.

Bibi zetu walilimudu hili pasipo kusoma kichupa. Udi ulifukizwa, nguo ikatandazwa juu ya chetezo; kikuba kikabanwa kwenye nywele au nguo; marashi yakanyunyizwa. Liwa ndiyo iliyogusa ngozi, nayo ilioshwa. Kwapani palikuwa na maji, sabuni, na pengine shabu. Moshi wa udi una dhara lake kwa mwenye pumu, hilo halikanushiki, lakini wa nguo haukuchubua kwapa la mtu.

Anayetaka kujaribu dawa mpya aipake kwanza kwenye kiko cha mkono, upande wa ndani, mara mbili kwa siku, muda wa juma moja; pakibaki salama, aitie kwapani. Aliyekwisha kupata upele aache kila chenye manukato, sabuni ikiwemo, na endapo hautulii katika majuma mawili matatu, aende kwa daktari wa ngozi na kichupa chenyewe mkononi, asikitupe, kwani daktari atataka kuyasoma yale maandishi madogo.