Kufuli ya usukani: Je, ina faida kwa mwenye gari Pwani?

MWENYE Probox anayeliegesha gari lake usiku kando ya Barabara ya Lamu mjini Malindi, au mtaani Bofa, Kilifi, mara nyingi hulala akiwa na bima moja tu: ile ya lazima, inayofidia hasara ya watu wengine. Bima hiyo haimlipi hata senti iwapo gari litaibwa. Kwake yeye, gari hilo ndilo karo na ndilo unga wa nyumbani. Hivyo basi, si mzaha kuuliza iwapo kile chuma cha kufungia usukani kina maana yoyote.

Kina maana, ila si kwa sababu ambayo wengi huidhania.

Wanunuzi huamini kwamba chuma hicho hakikatiki. Mwizi mwenye ujuzi wala hahangaiki nacho. Huukata usukani wenyewe kwa msumeno, kisha akakichomoa kifaa kikiwa kizima. Ni kazi ya dakika chache. Lakini hizo ni dakika za kelele, na mwizi wa magari huziogopa. Akikuta magari mawili sambamba, moja limefungwa usukani na jingine halikufungwa, atalichagua la pili. Kufuli, kwa hakika, humhamishia mwizi kwa jirani, jambo ambalo kila mwenye gari atalimaliza na nafsi yake.

Ushahidi umo katika historia ya kufuli nyingine, ile inayotoka kiwandani ikiwa ndani ya mhimili wa usukani. Ujerumani Magharibi iliilazimisha kwa magari yote, mapya na makuukuu, mapema katika miaka ya 1960, na wizi ukapungua. Uingereza iliilazimisha mwaka 1971 kwa magari mapya pekee. Wezi wakayageukia ya zamani.

Magari mengi ya kisasa yana kinga ya elektroniki: injini haiwaki mpaka itambue chipu iliyomo kwenye ufunguo. Magari mengi ya kazi kutoka Japani, hasa ya miaka ya nyuma, hayana kinga hiyo. Jaribio ni jepesi. Iwapo fundi atakuchongea ufunguo wa kawaida na gari likawaka, basi mwizi naye anaweza. Hata Marekani, wizi wa magari ya Kia na Hyundai yasiyo na chipu ulipozidi kuanzia mwaka 2021, kampuni hizo ziligawa bure kufuli hizi hizi za usukani.

Hata hivyo, kufuli haimfai kitu dereva aliyeelekezewa bunduki, wala mwenye gari la kukodisha aliyemkabidhi mteja funguo zote naye asirudi. Kwa huyu wa pili, afadhali kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti, au swichi ya siri ya kukata mafuta.

Anayenunua kufuli na achague ya rangi kali inayoonekana kupitia kioo, na aifunge kila mara, hata anaposimama kwa muda mfupi stendi ya Gede au sokoni Mtwapa. Tundu la ufunguo lielekee dashibodi, ili mwizi asilifikie kwa urahisi. Tena hewa ya bahari hutia kutu upesi: tone la mafuta mepesi kila mwezi litamwepusha mwenye gari na aibu ya kuukata usukani wake mwenyewe.