Masta ya kriminolojia Uingereza: barua ya maelezo yenye swali ndiyo inayombeba mwombaji

Kriminolojia haimfundishi mtu kukamata mwizi. Kazi hiyo ina vyuo vyake vya polisi. Somo hili linauliza kwa nini watu wanavunja sheria, nani anaamua kwamba kitendo fulani ni kosa, na kama jela inambadilisha mtu au inamrudisha mtaani akiwa sugu zaidi.

Mwombaji asiyejua tofauti hiyo hujulikana mapema tu, kwenye barua ya maelezo binafsi. Anaandika kwamba tangu utotoni anachukia wahalifu na anapenda filamu za wapelelezi. Kwa kamati ya udahili, hapo hakuna kitu.

Chukua ofisa ustawi wa jamii wa Dar es Salaam anayekutana na vijana waliowahi kuwa Panya Road. Akijiuliza kwa nini kijana mmoja aliacha kundi na rafiki yake akabaki, tayari ana swali la kriminolojia. Karani wa mahakama ya mwanzo anayeona sura zilezile zikirudi kizimbani kwa wizi mdogo analo pia. Kilichobaki ni kueleza kozi itamsaidiaje kulijibu: mbinu za mahojiano, takwimu, au mhadhiri anayetafiti magereza. Ndiyo maana barua moja haitumwi vyuo vitano kwa kubadilisha jina tu.

Si lazima mtu awe amesoma sheria. Sosholojia na saikolojia hupokelewa pia. Vyuo vingi huomba daraja la pili la juu, ambalo kwa GPA ya Tanzania huanzia 3.5. Lakini kila chuo kina jedwali lake la kulinganisha alama, kwa hiyo aliye chini kidogo alisome kwanza kabla ya kukata tamaa.

Wadhamini nao ni mtihani. Mara nyingi chuo humwandikia mdhamini moja kwa moja kwa barua pepe, na asipoifungua, ombi zima linakwama. Aombwe mapema, apewe CV na ile barua ya maelezo. Mhadhiri aliyefundisha mamia ya wanafunzi hakumbuki kila mtu.

Kwa anayetegemea ufadhili wa Chevening, kuna maombi mawili tofauti. Dirisha la ufadhili kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Mwombaji anatakiwa awe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na anachagua kozi tatu. Fomu hailipiwi, na wakala anayedai hela ili “aisukume” ni tapeli.

Ila Chevening haimwombei mtu chuo. Anaomba mwenyewe, na kufikia Julai ya mwaka unaofuata awe na barua ya kupokelewa isiyo na masharti. Hata aliyefaulu usaili anaweza kupoteza ufadhili kwa sababu matokeo ya IELTS yamechelewa, au chuo alichosoma hapa nyumbani hakijatoa transkripti.